Wanaitwa moto ukishawaka: wanawake na meza ya usalama, Nakuru hadi Kisumu

Januari 2008, Nakuru na Naivasha zikiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Huko Nairobi, Kofi Annan, katibu mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akisuluhisha pande mbili, kila upande na wajumbe wanne. Serikali ilimleta Martha Karua, ODM, chama cha upinzani, ikamleta Sally Kosgei. Wanawake wawili kati ya wanane. Baadaye Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika kuhusu watu 1,133 waliouawa, na ikatenga sura nzima kwa ajili ya ubakaji.

Miaka minane baadaye, Machi 2016, serikali ilizindua mpango wake wa kwanza wa kutekeleza Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, amani na usalama, lililopitishwa Oktoba 2000. Mpango ulipewa jina la Kiswahili, Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Wa pili ulikuwa wa 2020 hadi 2024. Yote miwili ilitaka wanawake washiriki katika maamuzi ya usalama, walindwe, na wasisahaulike misaada inapogawiwa.

Wapo wanaosema hili ni jambo la wageni, la semina na posho hotelini. Hoja hiyo hainisumbui sana. Kamati za amani tulizo nazo leo zina mizizi Wajir, miaka ya 1990, ambako wanawake wa sokoni walichoka kuona koo zikiuana na wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Hakuna mgeni aliyewatuma.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wanawake si malaika wa amani. Katika Bonde la Ufa tunajua nyimbo za kumsifu kijana aliyerudi na mifugo ya wizi, na za kumdhihaki aliyerudi mikono mitupu. Wanaoziimba ni mama na dada zake. Kwa hiyo mtu akiniambia tumweke mwanamke kwenye kamati kwa sababu ana moyo wa huruma, namkatalia. Awekwe kwa sababu vita vinamfikia yeye na watoto wake, na ana haki ya kuamua. Ibara ya 27 ya Katiba, inayokataza jinsia moja kupita theluthi mbili katika chombo cha umma, haimdai kwanza awe mpole.

Angalia Sondu, soko lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho. Vurugu za mpaka zikizuka pale, muuza omena na muuza mboga wanapoteza riziki siku hiyohiyo. Hao ndio wanaoitwa barazani kutuliza vijana, na wanakwenda kwa nauli yao. Yanapofika maamuzi ya wapi polisi watawekwa au mpaka utapita wapi, wanaoketi ni wengine. Hapa wakosoaji wa sera wako sahihi kabisa: tumewapa wanawake kazi ya amani, tukabaki na mamlaka na bajeti.

Nakuru ni mfano wa ajabu. Mwaka 2022 tulichagua gavana mwanamke, seneta mwanamke, na wabunge wanawake wanne katika maeneo bunge 11. Ukihesabu viti, tumeshinda. Lakini usalama ni kazi ya serikali kuu, na kamati ya usalama ya kaunti inaongozwa na kamishna, mwakilishi wa serikali kuu. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inatoa nafasi ya mamlaka ya polisi ya kaunti chini ya gavana. Katika kaunti nyingi chombo hicho hakijafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Kura zetu zimewafikisha wanawake hadi mlangoni tu.

Watetezi wa sera hujibu kwamba bila karatasi hiyo hatungekuwa hata na la kudai, na nakubaliana nao. Chifu akiita wazee wanaume pekee, leo naweza kumuuliza kwa nini. Hiyo si hatua ndogo.

Ila kuna nguzo moja ya mipango hiyo inayoniuma, ya ulinzi. Agosti 2017, mwaka mmoja tu na ushee baada ya uzinduzi ule, polisi waliingia nyumbani kwa watu Nyalenda, Kisumu, na mtoto wa miezi sita akapigwa hadi kuumia na kufariki. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilirekodi pia ukatili wa kingono wa uchaguzi huo, na maafisa wa usalama wakiwa miongoni mwa watuhumiwa. Mwanamke aliyebakwa na mtu mwenye sare ataripoti wapi, kituoni kwa wenzake? Waathiriwa wanane wa ghasia za 2007 na 2008 walikwenda kortini mwaka 2013. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Desemba 2020: wanne walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja, wanne wengine wakakosa.

Ndiyo maana, kabla ya kura ya 2027, sitauliza kwanza kamati ya amani ya Nakuru ina wanawake wangapi. Nitauliza ni nani atakayepokea ripoti ya mwanamke usiku wa matokeo, ikiwa anayemshtaki ni askari, na ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa kazi hiyo.