Mgao wa maji hauokoi maji

Kila vuli inapochelewa na Mto Ruvu ukapungua, wakazi wa Dar es Salaam hupata vitu viwili: ratiba ya mgao na matangazo ya kuwataka watumie maji kwa uangalifu. Sababu ya kubanwa inajulikana. Mtambo wa Ruvu Chini unaweza kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196, na yote miwili inavuta kwenye mto mmoja unaoanzia milima ya Uluguru. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana, jiji zima lilionja matokeo yake. Bwawa la Kidunda, linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, litausaidia mto wakati wa kiangazi. Mabomba yanayovuja mitaani hayatasaidiwa na bwawa.

Ikivuja asilimia moja tu ya uwezo wa mitambo hiyo miwili, yanapotea maji lita milioni 4.66 kwa siku. Kwa lita 50 kwa mtu, hayo yanatosha watu zaidi ya 93,000. Ndiyo maana naamini kazi ya kwanza ya kuhifadhi maji mjini ni kuziba, na kwamba mgao tulioufanya desturi unaikwamisha kazi hiyo.

Angalia kinachotokea. Bomba likikaa siku tatu bila maji, hewa hulijaa. Siku ya zamu maji huingia kwa kishindo, maungio hulegea, na mara nyingi huanza kuvuja pale kwenye kibano kinachounganisha bomba la mteja na bomba kubwa. Hewa inayosukumwa mbele huzungusha mita, kwa hiyo lalamiko la wateja kwamba wanalipia upepo lina msingi. Tena bomba tupu hufyonza maji machafu ya ardhini kupitia matundu yale yale yanayovujisha. Maji ya kwanza hutoka na tope, nasi tunayamwaga.

Kisha kuna tanki la nyumbani. Maji yakija saa nane usiku, wengi huacha koki wazi na kulala. Mrija wa nusu inchi unaotoa lita 10 kwa dakika ukifurika kwa saa nne, zinamwagika lita 2,400, matumizi ya familia ya watu watano kwa zaidi ya siku tisa. Dawa yake ni koki ya boya, inayojifunga yenyewe maji yakiinua boya, na ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na tanki lenyewe. Ipachikwe ili maji yakome sentimita 5 hadi 10 chini ya tundu la kufurikia, na kabla yake iwekwe valvu ya kufunga ili fundi aweze kuihudumia bila kumwaga tanki. Huharibika kwa njia mbili hasa: mchanga unakwangua mpira wa kuzibia, au boya linapata ufa, linajaa maji na kuzama, hivyo koki haifungi tena. Bomba la kufurikia litokeze mahali penye macho ya watu. Ukilielekeza kwenye shimo la maji taka, tanki litamwaga miezi na hutajua.

Lakini hasara kubwa ya mgao ni kwamba unatupofusha. Mafundi hutafuta uvujaji kwa kugawa mtandao katika maeneo madogo, kila eneo na njia moja ya kuingizia maji yenye mita kubwa, kisha wanasoma mita hiyo kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala. Kinachopita muda huo, ukitoa matumizi machache ya usiku, ni uvujaji. Kwenye mgao kipimo hicho hakina maana, kwa sababu usiku huo ndio kila tanki la mtaa linajazwa. Eneo linalopata maji muda wote hupimika, na presha yake inaweza kushushwa usiku kwa valvu ya kupunguza presha. Kwenye mabomba ya plastiki hili ni muhimu sana, maana ufa hupanuka presha inapopanda.

Wapo watakaosema maji hayatoshi kwa saa 24. Kwa jiji zima leo, kweli. Ndiyo maana naona tuanze na eneo moja lenye wateja mia kadhaa karibu na tanki kubwa la usambazaji, lizibwe, lipimwe, kisha lifuate jingine. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia uliotoka vitani, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993. Chini ya Ek Sonn Chan, mkurugenzi wa mamlaka ya maji ya mji huo, waliweka mita kwa kila mteja, wakawa na vikosi vya ukarabati usiku na mchana, wakawazawadia wananchi waliofichua maunganisho haramu. Kufikia mwaka 2006 upotevu ulikuwa chini ya asilimia 10.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Funga koki zote pamoja na ya tanki, andika tarakimu za mita, rudi baada ya saa moja. Zikibadilika, bomba linavuja mahali fulani baada ya mita. Koki inayodondosha? Kinga kikombe. Kikijaa mililita 250 kwa dakika 10, unapoteza lita 36 kwa siku. Choo nacho kijaribiwe: tia rangi ya chakula kwenye tanki lake, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, badilisha mpira wa chini.

Cape Town ilipowawekea watu kikomo cha lita 50 kwa siku, Februari 2018, ilikuwa ikitangaza hali ya mabwawa na hata kuonyesha kwenye ramani nyumba zilizofuata kikomo. Watu walibana kwa sababu waliona hesabu. Nasi tubandikiwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kila mwezi: uniti zilizoingia, uniti zilizolipiwa, uvujaji ulioripotiwa, na siku zilizopita kabla ya kuzibwa. Anayeripoti ataje mtaa, namba ya mita ya nyumba ya karibu, na kama maji hutoka muda wote au siku ya mgao tu. Apewe namba ya taarifa, na namba hiyo ibaki ubaoni hadi fundi afike.