Kodi ya Miezi Sita Ikishageuka Bati

Mtu amelipa kodi ya miezi sita Tabata, chumba na sebule, 200,000 kwa mwezi. Mwezi wa pili unaisha, anahamishiwa kazi Dodoma. Anamfuata mama mwenye nyumba kuomba 800,000 zilizobaki, anajibiwa kuwa hela haipo. Anaandika mtandaoni, na hadi jioni watu wameshakubaliana kwamba wenye nyumba wa Dar es Salaam ni wezi.

Kisa hiki hurudi kila baada ya wiki chache, mtaa ukibadilika na kiasi kikibadilika, lakini hukumu ni ileile. Mimi nimepanga miaka 11, uchungu wake naujua. Ila niseme mapema kwamba mama yangu ana vyumba vinne vya kupangisha Mbagala. Msomaji anipime na hilo pia.

Hoja ya mpangaji haihitaji wakili. Huko Dodoma ataombwa miezi sita mingine, na dalali anataka chake cha mwezi mmoja. Kama kodi ni ileile, hiyo ni 1,400,000 kabla hajalipa gari la kubebea kitanda na friji. Mwajiri wake hamlipi miezi sita mbele. Ukijumlisha na zile 800,000 alizoziacha Tabata, kuhama kumemla 2,200,000, na hajafanya kosa lolote. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye lile jibu la “hela haipo”. Watu hulisikia kama uongo. Mara nyingi ni kweli tupu.

Nchi hii ilihesabiwa watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, na mikopo ya nyumba ya benki bado inahesabika kwa maelfu tu. Waliobaki wanajenga kwa mfuko wao: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali hadi renta, kisha nyumba inasimama miaka mitatu bila paa ikimea majani ndani. Anayefanikiwa kukamilisha vyumba viwili vya mbele huvipangisha ili viwili vya nyuma vipate bati. Kodi ya miezi sita ndiyo benki yake. Haina riba wala dhamana, na haina fomu ya kusainiwa na afisa mkopo. Ikiingia mkononi asubuhi, jioni imeshakuwa misumari na mbao, au ada ya mtoto.

Kwa hiyo mpangaji anayedai salio lake mwezi wa pili anaomba mkopo urudishwe kabla ya muda wake, kwa mtu ambaye mkopo huo ameshaupigilia kwenye kenchi. Ndiyo, mpangaji hakuwahi kuambiwa kwamba anakopesha. Hiyo ndiyo lawama ya haki kuliko zote katika mfumo huu, na nashangaa wanaolalamika hawaitumii. Wanaita wizi, wakati kilichopo ni mkopo ambao mmoja wa wahusika hajui kama ameutoa.

“Si atapata mpangaji mwingine kesho?” Labda. Sinza, ndiyo. Lakini chumba kilicho ndani kabisa Chamazi, barabara ya vumbi ambayo masika huwa mto, kinaweza kukaa mwezi na nusu bila mtu kuulizia, na Januari ndiyo kabisa, kila mzazi yuko kwenye ada. Chukua yule mama wa Tabata aliyelipwa 1,200,000. Akirudisha 800,000 leo, kisha chumba kikakaa wazi miezi miwili, katika miezi minne ya mwanzo chumba hicho kimemwingizia 400,000, yaani 100,000 kwa mwezi, nusu ya walichokubaliana. Na hizo 800,000 za kurudisha azitoe wapi? Vikoba vina riba. Anayekopesha mtaani ana riba kubwa zaidi, na anashikilia kadi ya gari au hati ya kiwanja. Uhamisho wa mtumishi mmoja kwenda Dodoma unakuwa deni la mjane Tabata.

Wapo wenye nyumba wenye maghorofa ambao hadithi hii haiwahusu. Hao sina la kuwatetea.

Dawa inayotajwa sana ni kulipa mwezi kwa mwezi kama Nairobi. Ni kweli, kule mpangaji huweka amana, hulipa kila mwezi na akitaka kuondoka hutoa notisi. Lakini waulize Wakenya habari za ile amana siku ya kuhama: rangi, kitasa, sinki lenye ufa uliokuwepo tangu mwanzo. Na sheria yao ya kudhibiti kodi inamlinda mpangaji ambaye nyumba yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na bei za leo za Nairobi. Sisi yetu, ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kesi nyingi za aina hii huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye naye huenda ana vyumba vya kupangisha.

Kuna mahali simtetei mwenye nyumba, hata akiwa mama yangu: kupokea kodi mara mbili kwa chumba kimoja. Mpangaji akiondoka mwezi wa pili na mwingine akaingia wa tatu, ile miezi minne imelipwa na watu wawili. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inamfidia aliyevunjiwa mkataba kwa hasara, tena inatazama njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Aliyepata mpangaji mpya hasara yake imeishia siku hiyo. “Mkataba ni mkataba” hapo haitoshi.

Kinachobaki ni kile ambacho watu wanakifanya kimyakimya kwenye magrupu ya WhatsApp: “Chumba master Kinyerezi, kodi imebaki miezi minne.” Anayeondoka anatafuta mtu wa kumalizia, analipwa naye moja kwa moja, bati linabaki juu ya paa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji apate kwanza kibali cha maandishi, na inamzuia mwenye nyumba kukinyima bila sababu ya msingi. Kumbe sababu zipo: choo kimoja, luku moja, geti moja linalofungwa saa nne. Mgeni asiyeonwa anaweza kuwahamisha wengine watatu.

Mwaka jana mama aliombwa salio la miezi mitatu. Hela ilikuwa imeshachimbiwa shimo la choo. Akamwambia kijana, “Lete mtu wako, ila nimuone kwanza.” Akaletwa fundi simu, akaulizwa kwao wapi, anafanya kazi wapi, ana redio kubwa au ndogo. Akapita, akamlipa kijana miezi yake, vitu vikatoka na vingine vikaingia siku hiyohiyo.

Ila mama alimwongezea yule fundi 10,000 kwa kila mwezi uliobaki, eti kwa usumbufu. Mpaka leo sijakubaliana naye.