Nguo Isiyo na Akiba

Jumamosi iliyopita nilipeleka gauni kwa fundi wangu pale soko la Jericho. Nilikuwa nimelivaa mara tatu tu: siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binamu yangu, Jumapili moja kanisani, na siku moja kazini. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia kuanzia kwapani hadi karibu na kiuno. Kwa mtu mwenye cherehani hiyo ni kazi ya dakika kumi, shilingi mia moja, na umbea wa mtaa juu yake. Fundi akaligeuza ndani nje, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kisha akalikunja polepole na kunirudishia.

"Mama Neema, hili siliwezi."

Nilidhani anataka nimwongeze pesa. Akanisogeza penye mwanga anionyeshe. Ndani ya mshono kitambaa kilichobaki hakikufikia upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na hicho kidogo nacho kilikwisha kukatwa na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, kikaanza kuchambuka. "Nikishona papo hapo, litaachia tena kesho kutwa. Nikiingia ndani zaidi, halitakutosha. Hawa watu hawakuacha akiba."

Akiba ndilo neno lake kwa kile kitambaa kinachofichwa ndani ya mshono na ndani ya pindo, kisichoonekana na mtu, kinachomngoja fundi mwingine siku nyingine. Mimi nililijua jambo lenyewe kabla ya kulijua neno. Sare yangu ya shule ya msingi ilinunuliwa kubwa kuliko mimi, na pindo lake lilikuwa pana kama kiganja. Kila Januari mama alifumua, akashusha kidogo, akapiga pasi ya makaa. Alama ya pindo la zamani haikutoka kamwe, kwa hiyo ungeweza kuhesabu kwenye sketi yangu niko darasa la ngapi. Shati la baba lilipolika kwenye kola, pale ndevu zinaposugua, fundi aliing'oa kola, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Shati likapata miaka mingine miwili. Hata suruali ya mwanamume iliachiwa kitambaa cha ziada nyuma, kwenye kiuno, kwa kuwa aliyeishona alitarajia mvaaji apandishwe cheo na tumbo lipande naye.

Gauni langu halikutarajia chochote. Nimelitazama sana tangu siku ile, na sasa naelewa lilivyotengenezwa. Kwenye viwanda vikubwa vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, na vipande hukatwa kwa pamoja kwa mpangilio uliochorwa na kompyuta. Ukipunguza sentimita moja kila upande wa mshono kwa nguo moja, hujaokoa kitu. Ukiipunguza kwa nguo laki moja, umeokoa marobota. Kisha pindo linashonwa kwa ule mshono wa mnyororo, dada yake mshono wa gunia la sukari. Kila mwenye duka anajua raha ya kulifungua gunia lile: ukiupata uzi wenyewe ukauvuta, mdomo wote unafunguka kwa sekunde moja. Ni mshono mzuri sana kwa gunia.

Simlaumu aliyeshona. Awe Dhaka au awe hapa Athi River, amewekewa idadi ya vipande vya kumaliza kwa saa, na hakuna aliyemuuliza maoni kuhusu akiba.

Nimesikia wengi wakisema Wakenya tumezoea vitu duni kwa sababu ya mitumba. Mimi naona kinyume. Shangazi yangu aliuza mitumba soko la Gikomba, hapa Nairobi, zaidi ya miaka ishirini, na Gikomba ndiyo iliyotufundisha kitambaa. Unanunua robota la kilo 45 likiwa limefungwa kwa mikanda, hujui kilichomo, unaomba Mungu. Likifunguliwa tu, wale wateja wa alfajiri wanaojua kazi yao wanarukia kamera, yaani zile nguo safi za daraja la kwanza. Zinazofuata zinauzwa mchana kutwa, na mwisho kabisa ni fagia, za kupigiwa kelele kwa bei ya mboga. Mama wa Gikomba hasomi lebo. Anasugua kitambaa kwa vidole viwili, anavuta mshono, anaangalia ndani. Tulikuwa tukizicheka nguo hizi tukisema za marehemu wa Ulaya, lakini koti la marehemu lilikuja likiwa na bitana nzima na vifungo vyote, na likamzika wa pili.

Sasa shangazi aliyekwisha kustaafu akienda sokoni anarudi akisonya. Kamera zimepungua, anasema, fagia imekuwa robota zima. Wazungu hawajawa wachafu ghafla. Wao pia wananunua gauni kama langu, wanalivaa mara tatu, na linapofika Mombasa kwenye kontena limekwisha kuwa takataka. Mtumba mzuri ulitegemea nguo mpya nzuri. Kule mwanzoni kitu kikishonwa ili kimalize msimu mmoja, hakuna cha kurithiwa huku mwisho wa mto. Na nikisema mwisho wa mto simaanishi fumbo. Pita nyuma ya Gikomba uone ukingo wa mto Nairobi ulivyofumwa kwa vitambaa.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima waliokubaliana nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru kupitia AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza kamba, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Watu wengi hapa walisikitika kwamba hatukuwa na msimamo. Mimi najiuliza tu tungevaa nini. Viwanda vyetu vya nguo vilikuwa hoi: Kicomi ya Kisumu ilikwisha kufa, Mountex ya Nanyuki vilevile, na Rivatex ya Eldoret ilianguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Mtumba ukiondoka leo, pengo linajazwa kesho asubuhi na nguo mpya za bei ya chini kutoka Uchina zinazoshuka Eastleigh, ambazo zaidi ni polista. Hiyo ni plastiki ya mafuta ya petroli, jamaa wa chupa ya soda. Vaa polista saa nane mchana kwenye matatu iliyokwama Jogoo Road kisha uniambie.

Lakini nilitaka kusema jambo lingine. Wakati fundi ananifundisha habari za akiba, redio yake ndogo iliyofungwa kwa mpira ilikuwa ikicheza zilizopendwa. Rumba ya hapa hapa Nairobi, ya miaka ya sabini. Maneno yakaisha, gitaa la pili likaingia, na fundi akanyamaza. Mguu wake ukawa unakanyaga cherehani ambayo haikuwa na uzi.

Zama hizo Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri, ndiyo maana wanamuziki walimiminika kutoka Kongo na Tanzania. Simba Wanyika walitoka Tanga wakapitia Arusha, wakaingia hapa mwaka 1971. Ile santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba wimbo mrefu upande mmoja, basi wimbo ukakatwa mara mbili: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili magitaa. Ulilazimika kuinuka kitini ugeuze santuri, na wengi waliokwisha kuinuka hawakukaa tena. Ile sehemu ya pili, sebene, ndiyo akiba ya wimbo. Kitambaa kilichoachwa ndani. Mwanamuziki hakujua nani atakicheza, kwenye harusi ya nani, miaka mingapi baadaye, lakini aliacha nafasi mtu aingie. Tena wimbo wenyewe ulifika studio ukiwa umechezwa vilabuni usiku baada ya usiku, na mahali ambapo wachezaji waliketi, bendi ilijua pana kasoro.

Sasa tazama mkasi unavyofanya kazi. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Rumba ya dakika saba ikisikilizwa yote inahesabiwa mara moja, na wimbo wa dakika mbili nao mara moja. Mzalishaji mwenye akili timamu atafanya nini? Atakata. Kiitikio kitangulie, kianzio cha gitaa kitupwe, ubeti wa tatu usiandikwe. Kwenye Skiza, huduma ya Safaricom ya miito ya simu, wimbo unaishi pale tu simu inapoita kabla mtu hajapokea, na kwenye TikTok kinachohitajika ni kipande kimoja cha kuchezea mabega. Ni sentimita ileile ya kiwandani.

Mwanangu mkubwa ana miaka 17 na spika kubwa kuliko chumba chake. Juzi nikamwomba anichezee ule wimbo aliotusumbua nao mwaka jana, tuliokariri wote nyumbani hadi Neema wa darasa la pili.

"Mathe, huo ni wa kitambo."

"Kitambo gani, na ni wa mwaka jana?"

Akanitazama kwa huruma. Alikumbuka kiitikio tu, akapiga mluzi sehemu iliyobaki, kisha mluzi nao ukaisha.

Sitaki kuwa yule mzee wa kona anayelaani vijana. Muziki wa gengetone ulipolipuka mwaka 2018 niliupenda, na bado naupenda. Vijana wa mtaani waliimba kwa ndimi za mtaani bila kuomba ruhusa. Walilazimika kutoa wimbo mpya kila wiki kwa sababu wa wiki iliyopita ulikuwa umekwisha kulipa ulichoweza kulipa. Bendi ni watu wanane wenye nauli na njaa. Kompyuta ni kijana mmoja chumbani Kayole, na biti ameipakua bure. Nani angechagua bendi?

Najua pia kwamba zilizopendwa ni zile zilizopendwa tu. Zamani kulikuwa na rundo la nyimbo mbovu ambazo redio ilizizika na hakuna aliyevaa nyeusi. Wala sitasahau kuwa nilikuwa na gauni moja tu la kanisa, na ilipofika siku ya kulifua nilikaa ndani na leso ya mama. Binti yangu kuwa na magauni matano si jambo dogo. Wanaosifu umaskini wa zamani mara nyingi hawakuuvaa.

Hata hivyo nakumbuka kaseti. Utepe ulipotafunwa na redio, tuliutoa taratibu, tukakata palipokunjamana, tukaunganisha ncha kwa tone la rangi ya kucha ya dada, kisha tukauzungusha kwa kalamu ya biki hadi ukakaza. Wimbo ulirudi ukiwa na kikwazo kidogo katikati. Hadi leo nikiusikia redioni bila kile kikwazo naona kama wameuharibu. Wimbo ulioweza kushonwa ulikuwa wetu. Ule wa mwanangu uko kwenye mawingu, na akiishiwa bando anabaki na mluzi.

Harusini mambo hujitokeza yenyewe. Didije anaanza na nyimbo za mwaka huu, vijana wanajaa uwanjani, wazazi wanatazama simu. Ikifika saa kumi na moja jioni anaweka rumba, na hapo wanainuka wote, bibi harusi na bibi yake, na wale vijana waliokuwa wakicheza mabega wanagundua kuwa wana kiuno. Ruracio ya binamu yangu ilikuwa hivyo. Nina hakika kabisa kwamba gauni langu lilianza kuachia pale, kwenye sebene. Lilishonwa kwa sekunde 30.

Nililinunua duka moja katikati ya jiji kwa shilingi 1,500, na nilijiona mjanja. Fundi alikuwa ameniambia kitambaa cha pamba pamoja na kushona ni 4,000, nami nilikuwa na karo ya kulipa. Sasa nimepiga hesabu: kila nilipolivaa gauni lile nililipa shilingi 500. La fundi lingelingana nalo nikilivaa mara nane tu, yaani kabla ya Krismasi. Ila hizo 4,000 sikuwa nazo siku ile, na hesabu nzuri ya baadaye haijawahi kumsaidia mtu kwenye kaunta.

Nimeacha oda kwake, nalipa kidogo kidogo. Nilimwomba aache akiba ya kutosha kiunoni. Akanipima, akaandika kwenye daftari, akasema kwa adabu kwamba ameshaliona hilo.

Lile gauni la zamani nilisema basi, liwe tambara la kupigia sakafu deki. Nalo limekataa. Polista hainywi maji; linayasukuma tu kutoka pembe moja ya jikoni hadi nyingine.