Mpeni Mama Ngoma Kipaza Sauti

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwa jirani yangu, mzee Myoruba wa Ibadan, Nigeria, aliyekuja Dar es Salaam kibiashara akalowea. Tulikuwa tunatazama video ya bendi moja ya Lagos. Saksafoni ilikuwa imekwisha kusema yake, tarumbeta zimenyamaza, wamebaki wapiga ngoma peke yao. Mimi natikisa kichwa, nafuata mdundo. Ghafla mzee akaangua kicheko, akajipiga paja: "Amemtaja! Amemtaja mpaka ukoo wa mama yake!" Nikamuuliza nani kamtaja nani, maana hapakuwa na mtu aliyekuwa akiimba. Akanyoosha kidole kwenye televisheni. Ngoma.

Tangu siku ile nina ugomvi na namna tunavyouzungumzia muziki huu wa Lagos, Afrobeat na jamaa zake. Tunauita jazi yenye vionjo vya Kiafrika, kana kwamba jazi ndiyo wali na ngoma za Wayoruba ni iliki ya kunukishia. Mimi nasema wali ni ngoma.

Kiyoruba ni lugha ya toni. Zipo tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na walimu huwafundisha watoto kwa do, re, mi. Ukitamka ọkọ umesema mume. Ipandishe silabi ya mwisho, ọkọ́, umesema jembe. Ishushe, ọkọ̀, umesema chombo cha kusafiria. Msomaji aliyekua akisikia Kihaya au Kikuyu nyumbani ananielewa mara moja. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, ambacho hakina toni, tunapaswa kulifundisha sikio upya. Lugha ya namna hiyo ikishakuwa nusu wimbo, ngoma inayoweza kupanda na kushuka sauti inaweza kuisema.

Ngoma hiyo ni dundun. Ina kiuno chembamba, imewambwa ngozi pande zote mbili, na kamba za ngozi zimeunganisha upande huu na ule. Kubwa yao inaitwa iya ilu, yaani mama wa ngoma. Mpigaji huitundika begani, mkono mmoja ukiminya kamba, mwingine umeshika kijiti kilichopinda kama shingo ya korongo. Akiminya, ngozi inakaza na sauti inapanda. Akilegeza, inashuka. Pembezoni zimefungwa njuga za shaba, saworo, zinazolia kila anapotikisika. Ubavuni yupo mwenzake mwenye gudugudu, kingoma cha umbo la bakuli kinachoning'inia shingoni na kupigwa kwa vikanda viwili vya ngozi. Hicho hakisemi maneno. Kazi yake ni kushikilia mwendo ili mama aweze kuzungumza. Watu wa kazi hii wanazaliwa nayo. Jina likianza na Ayan, ujue huyo ametoka katika ukoo wa wapiga ngoma, watoto wa Ayangalu, anayeaminiwa kuwa mpiga ngoma wa kwanza.

Sasa mlete Fela Kuti, baba wa Afrobeat. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1938, akaenda London mwaka 1958 kusoma muziki, akarudi Lagos na bendi yake ya Koola Lobitos akipiga highlife, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, iliyochanganywa na jazi. Hadithi inayopendwa ni ile ya safari ya Marekani mwaka 1969, alipokutana na siasa za Weusi wa kule akarudi mtu mwingine. Ni kweli, na ni muhimu. Lakini ukiishia hapo utadhani Afrobeat ilishuka na ndege. Sikiliza "Alu Jon Jonki Jon" ya mwaka 1973. Tarumbeta ni za jazi, gitaa linakatakata kama la James Brown, ila kinachoimbwa ni kiitikio cha ngano ya watoto wa Kiyoruba: njaa imeingia, wanyama wamekubaliana kuwaua mama zao, na mbwa amemficha mama yake. Ngano hizo huanza kwa msimuliaji kutamka "Alo o!" na watoto kuitika "Alo!" Paukwa, pakawa. Fela alichukua kibaraza cha bibi akakiwekea safu ya saksafoni, na wale wanawake wanaoitikia nyuma yake ni wajukuu wanaojua wapi pa kuitika.

Na Tony Allen, mpiga drams wa Fela. Hapa sitaki haraka, kwa sababu bila mtu huyu makala hii isingekuwepo. Alizaliwa Lagos mwaka 1940, akajifunza drams ukubwani kwa kusikiliza santuri za wapiga drams wa Kimarekani, Art Blakey na Max Roach, akajiunga na Fela mwaka 1964. Fela mwenyewe alikiri kwamba bila Tony Allen Afrobeat isingekuwepo. Chukua wimbo wowote wa Africa 70, bendi ya Fela, sahau sauti ya Fela, fuata miguu na mikono ya Allen tu. Mguu wa kulia unauliza jambo kwenye ngoma kubwa. Mkono wa kushoto unajibu, lakini si pale ulipotegemea. Matoazi ya mguu wa kushoto yanafunguka nusu na kujifunga kama mtu anayetaka kuchangia akasita. Mkono wa kulia unasukuma mwendo. Hizo ni ngoma nne katika mwili mmoja, kila moja na zamu yake, kama kundi la dundun lilivyogawana kazi. Mwaka 2017, mwaka aliotimiza miaka 77, alitoa kazi mbili kwa Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi ya Marekani, moja ya kumuenzi Blakey. Watu waliandika kwamba amerudi kwenye jazi. Mimi nilisikia Lagos tupu. Alifariki Paris tarehe 30 Aprili 2020.

Aliyelifikisha jambo hili ninakotaka lifike ni Lagbaja. Anavaa kinyago, na jina lake kwa Kiyoruba ni kama tunavyosema "fulani". Anapuliza saksafoni, muziki wake anauita Africano, na ngoma za jadi amezikalisha katikati ya bendi. Saksafoni inasema, dundun inajibu, na wakati mwingine dundun ndiyo inayoanza.

Ndiyo maana naumia nikisikia rekodi nyingi za sasa. Dundun inapewa sekunde chache mwanzoni, kama matarumbeta ya kumlaki mgeni rasmi, halafu inazamishwa chini ya kinanda na besi hadi mwisho. Mpeni mama kipaza sauti! Mwacheni apige solo dakika tatu, nne, kama mnavyomwachia mpiga saksafoni. Najua hoja ya watayarishaji, kwamba msikilizaji wa nje haelewi ngoma inasema nini. Mbona sisi tumecheza nyimbo za Kilingala miaka yote, wengi wetu bila kujua neno, na hakuna aliyemwambia Franco apunguze maneno?

Kuna rekodi ninayomwekea kila anayebisha. Novemba 1960, mwezi mmoja baada ya Nigeria kupata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York kurekodi "Uhuru Afrika". Alitaka lugha ya Kiafrika isikike humo, akachagua Kiswahili. Shairi la Langston Hughes likatafsiriwa, na aliyelisoma ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, nchi yetu ikiwa bado haijajitawala. Miongoni mwa wapiga ngoma alikuwemo Babatunde Olatunji, Mnigeria. Max Roach naye alikuwemo.

Nilimpigia jirani yangu rekodi hiyo. Kiswahili kiliposomwa alinitazama mimi, nimtafsirie. Ngoma zilipoingia, nikamtazama yeye.