Jaribu kustaafu kabla hujastaafu

Mtumishi wa umma wa Tanzania akibakiza miaka mitatu kufika 60, gumzo lake huwa ni mkupuo tu, yaani fedha anazolipwa kwa pamoja akistaafu: utakuwa shilingi ngapi, utanunua nini. Kwa maoni yangu, hesabu ianzie kwenye pensheni ya kila mwezi, maana hiyo ndiyo utakayokula nayo ukiwa na miaka 75.

Chukua mwalimu aliyechangia miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake wa mwezi katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000. Gawanya 360 kwa 580, namba ya kikokotoo cha pensheni, zidisha kwa mshahara huo: kama 744,800. Haiji yote. Kwa walio kwenye mkupuo wa asilimia 40, inayobaki kila mwezi ni asilimia 60, yaani kama 446,900. Mkupuo wenyewe ni asilimia 40 ya pensheni ya mwaka mzima, mara 12.5, nayo ni namba ya kikokotoo: karibu milioni 44.7.

Basi, ukiwa bado kazini, ishi kwa hiyo 446,900 miezi sita mfululizo. Kinachozidi kihamishie akaunti nyingine siku ileile mshahara unapoingia. Kufikia mwezi wa pili utaona panapovuja: rejesho la mkopo, ada ya kitinda mimba, michango ya harusi. Mkopo usiokwisha kabla ya 60 utaulipa kwa mkupuo, na hapo ndipo milioni nyingi huyeyuka.

Kwingine zinakoyeyuka ni kwenye biashara ngeni. Aliyekaa ofisini miaka 30 ananunua Hiace mwezi wa kwanza, hajui tairi hudumu muda gani wala hesabu ya siku ya dereva isomwe vipi. Unataka kufuga? Anza na kuku 50 leo. Ugonjwa wa mdondo ukiwafagia, utajifunza ratiba ya chanjo huku mshahara ukiendelea kuingia. Sehemu nyingine ya fedha iende kwenye hati fungani za serikali, zinazolipa riba kila miezi sita.

Moyo nao unahitaji mazoezi, pengine kuliko mfuko. Chukua likizo yako ya siku 28, usisafiri. Wiki ya kwanza tamu. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, chai imekwisha, simu haijalia hata mara moja, na unajikuta jikoni ukimwelekeza mke wako namna ya kukata mchicha. Yeye ana ratiba yake ya miaka mingi. Wewe ndiye mgeni hapo. Zungumzeni mapema nani atakuwa wapi mchana. Tafuta pia jambo lenye siku maalumu, mahali ambapo usipofika watu watakuulizia: kwaya, kamati ya msikiti, SACCOS ya mtaa.

Halafu makaratasi. Kila mwaka omba taarifa ya michango, uhesabu mwezi kwa mwezi. Linganisha majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira na kumbukumbu za mfuko wa pensheni. Herufi moja ikitofautiana, mafao husubiri. Na mwezi ambao mwajiri hakupeleka mchango udai sasa, ungali na ofisi ya utumishi hatua chache kutoka mezani kwako.