Sululu, Nyanyua Kwapa!

Mimi kazi yangu ni tuktuk. Nalisema hili mapema, maana pale steji ya Malindi wameanza kuniita Profesa, na cheo hicho mimi sikukiomba. Aliyeniletea balaa hili ni shemeji yangu, mume wa dadangu, aliyekwenda kusomea kutembeza wageni wanaotazama ndege. Akarudi na cheti, darubini na maradhi.

Maradhi yenyewe ni kwamba hawezi tena kuona ndege akasema "ndege" yakaisha. Lazima ajue ni aina gani. Akishaijua aina, anataka kabila. Akishalijua kabila, anataka mlango na ukoo. Na bora basi ingekuwa ndege wa maana, mbuni au korongo, ambaye hata mwenye mtoto wa jicho hamkosi. Aka! Yeye ni vitwitwi. Vile vijindege vya pwani vyenye rangi ya mchanga, vinavyokimbia juu ya mchanga, vikisimama huvioni, na ukiviona vimeshaondoka.

Basi nawapeleka Sabaki, yeye na wageni wake. Mnapajua: pale mto unapomwaga udongo wote wa bara, bahari ikageuka hudhurungi mpaka wenye mahoteli wakanuna. Maji yakijaa, ndege husukumwa kutoka matopeni wakajikusanya kwenye kipande cha mchanga, wote wameelekea upepo, wengi mguu mmoja. Hapo ndipo shemeji ananitwika stendi ya darubini. "Wewe si umekaa tu?" Tuktuk nimeiacha juani, kiti kinaungua, nami natembea kwenye mchanga na vyuma vya watu begani.

"Yule pale ni Mkubwa, na yule ni Mdogo," ananiambia, kumbe hayo ni majina ya aina mbili za vitwitwi. Natazama. Mgongo wa kijivukijivu, kifua cheupe, wote wawili. Namuuliza Mkubwa anajulikanaje. Ananisomesha: mdomo mrefu na mzito, miguu mirefu ya kijanikijani, na akiruka vidole vyapita mkia. Mdogo miguu yake imekolea weusi. Haya, hilo limeingia.

"Kwa hivyo mwenye mdomo mrefu ndiye Mkubwa?"

"Inategemea."

Inategemea nini, ewe mja wa Mungu? Inategemea kwao ni wapi. Wakubwa wa upande wa Uturuki na Yordani wana midomo mifupi, myembamba, kuliko jamaa zao wa mashariki. Na Wadogo wanaokuja kwetu, wa milima ya Pamir huko Asia ya Kati, wana midomo mirefu kuliko Wadogo wa Siberia. Maana yake Mkubwa aweza kuwa na kidomo na Mdogo akawa na mdomo! Nikamwambia lakini si umesema wale wa Uturuki wengi huishia Bahari ya Shamu? Akasema ndiyo, lakini nani anajua kama mmoja hakupitiliza. Mtu akishafika hapo hata ukimsomea Yasini haifai kitu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ndege hawa wenyewe wanajua kujitambulisha, hawataki tu. Mwezi wa Nane wanatufikia wamechakaa, matambara matupu. Wanakula kaa wetu, wanakula minyoo yetu, msimu mzima na nguo hiyohiyo moja. Machi na Aprili, safari ya kurudi kwao ikikaribia, ndipo wanavaa: kifua chekundu, uso una kinyago cheusi, mashallah. Halafu wanaondoka. Nguo nzuri ya kwao, ya kushindia ni ya Malindi.

Tena mwaka 2023 wanaotunza orodha za ndege za dunia wakaamua kwamba Mdogo si ndege mmoja, ni wawili: wa Siberia na wa Tibeti. Wa kwetu akaangukia Tibeti. Alilala Mdogo, akaamka Mtibeti, hakupigwa picha, hakuulizwa jina la chifu wake. Mimi kitambulisho changu kimekosewa herufi moja kwenye jina la marehemu baba, na kila nikienda naambiwa nirudi na babangu.

Lakini vitwitwi ni nafuu. Ngojeni niwape habari za sululu. Huyu mnamjua, yule mrefu mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, yuko tele Sabaki na kwenye hori ya Mida. Kumbe kuna sululu wa nyika, wa huko Urusi na Kazakhstan, ambaye mwaka 1994 alitangazwa ametoweka duniani. Matanga yakaanuliwa. Mwaka 1997 akaonekana tena huko Urusi, mzima. Mwaka 2016 akaonekana Maputo, Msumbiji. Shemeji aliposikia Maputo usingizi ukamruka: ndege atoke Urusi aende Maputo, pwani yetu ataipita kwa wapi?

Na anatambulikaje? Kwa kwapa, wallahi. Sululu wa kawaida ana mistarimistari kwapani. Wa nyika kwapa lake ni jeupe, halina doa.

Sasa fikirieni. Sululu amesimama, amefumba macho. Mgeni wa Kizungu amelala kifudifudi kwenye tope na kamera. Shemeji ameinama kwenye darubini. Mimi nimeshika mwavuli. Watu wazima tunangoja ndege anyanyue kwapa. Akapita mvuvi na jarife lake, akatuuliza tunatafuta nini. Nikamjibu. Akaenda zake bila kuaga.

Nikashauri nipige makofi. Shemeji akanikemea: ndege anaweka mafuta ya safari, ukimrusha ovyo unamwibia nguvu za kufikia kwao. Na mafuta ya tuktuk je, hayaibiwi?

Mwisho sululu akajinyoosha. Bawa la upande wa pili. Kisha akaruka, kamera ikalia tatata, ikawa vita juu ya picha. Mgeni anasema hicho ni kivuli, shemeji anasema ni mistari. Wakanigeukia mimi. Nikasema kwa jua hili huenda ni jasho.

Na bingwa huyuhuyu Ijumaa alitoka msikitini na champali moja yangu na moja yake, hazifanani hata rangi, akafika nazo nyumbani. Ana mapacha, Hassan na Hussein. Juzi mmoja wao alivunja kioo cha tuktuk yangu kwa mpira. Shemeji akawasimamisha ukutani, akawakodolea macho, akarudi nyuma, akasogea, akabadili upande wa mwanga. Dadangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Ni Hussein huyo, msikilize anavyopumua!"

Usiku huo shemeji akanipigia. Kesho maji yanajaa saa tatu asubuhi, mgeni anataka kulihakikisha lile kwapa. Nikamwambia sawa, lakini nauli si ile ya jana. Akauliza ni ngapi.

"Inategemea."