Charles Hamilton Houston, mwalimu wa waliouvunja utengano

Mtu anayejifunza historia ya Marekani kupitia magazeti na vitabu vyetu hukutana zaidi na marais, majenerali na wahutubu mashuhuri. Lincoln, Roosevelt, Kennedy na King wanastahili kutajwa, nami sina ugomvi na heshima waliyopewa. Hata hivyo, ningeulizwa ni nani aliyeigeuza nchi ile kwa undani zaidi katika karne ya 20, ningemtaja mtu ambaye hakuwania urais wala hakuhutubia umati wa maelfu: Charles Hamilton Houston, wakili na mwalimu wa sheria, aliyezaliwa Washington mwaka 1895 na kufariki mwaka 1950, kabla hajayaona matunda ya kazi yake.

Ili kuuelewa uzito wa kazi hiyo ni lazima tukumbuke ukuta uliokuwa mbele yake. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1868, yaliahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Lakini mwaka 1896, katika shauri la Plessy dhidi ya Ferguson, Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo yanaweza kuwatenga weusi na weupe maadamu huduma wanazopewa ziwe sawa. Utengano ulitekelezwa kwa bidii, usawa haukutekelezwa hata kidogo, na hali hiyo ikadumu zaidi ya nusu karne huku ikiwa na muhuri wa mahakama ya juu kabisa.

Houston alikuwa ofisa wa jeshi nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na dharau waliyotendewa wanajeshi weusi na wenzao weupe ilimfanya aazimie kusomea sheria ili awatetee wasioweza kujitetea. Alisoma Harvard, akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho, na mwaka 1929 akakabidhiwa uongozi wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington. Wakati huo ilikuwa shule ya jioni, inayosomwa na watu waliotoka kazini wakiwa wamechoka. Houston aliyafuta masomo ya jioni, akaigeuza kuwa shule ya kutwa, akakaza masharti ya kufaulu, na kufikia mwaka 1931 ikawa imepata ithibati kamili. Wengi walilalamika, na walikuwa na sababu, kwa kuwa mtu mweusi maskini aliyehitaji mshahara wake wa mchana alifungiwa mlango. Hilo ni doa ambalo sipendi kulifunika. Lakini Houston alijua kwamba mawakili wake wangesimama mbele ya majaji wasiotaka kuwasikiliza, na kwamba kosa dogo la utaratibu lingetosha kuwatupa nje. Aliwafundisha kuwa wakili ama ni mhandisi wa jamii ama ni kupe anayeinyonya, na wale waliovumilia ukali wake walitoka wakiwa wameiva. Mmoja wao, aliyemaliza mwaka 1933 akiongoza darasa, aliitwa Thurgood Marshall.

Kinachonivutia zaidi kwa Houston ni namna alivyochagua mahali pa kupiga. Angeweza kuanza na shule za msingi, ambako dhuluma ilionekana wazi. Yeye mwenyewe alizunguka South Carolina katika miaka ya 1930 akiwa na kamera ya filamu, akizipiga picha shule za watoto weusi zilizokuwa vibanda tu. Lakini alipokuwa mkuu wa mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alianza na shule za sheria za vyuo vikuu. Hesabu yake ilikuwa ya mtu anayemjua vizuri hasimu wake. Majimbo mengi ya kusini yalikuwa na shule moja tu ya sheria ya umma, ya weupe, hivyo hayakuweza hata kudai kwamba weusi wana shule iliyo sawa nayo. Kujenga ya pili kwa ajili ya wanafunzi wachache kungekuwa mzigo mzito. Na majaji, ambao wote wamesomea sheria, wasingehitaji kuelezwa shule ya sheria ni kitu gani.

Mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya Maryland ilikubali kwamba Donald Murray alistahili kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo hilo, na aliyesimama pamoja na Houston katika shauri hilo alikuwa Marshall. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Missouri haiwezi kumkwepa Lloyd Gaines kwa kumlipia karo akasome jimbo jingine. Gaines mwenyewe alitoweka Chicago mwaka 1939 na hakuonekana tena. Mwezi Juni 1950, wiki sita baada ya Houston kufariki, mahakama hiyohiyo iliiamuru Texas impokee Heman Sweatt katika shule yake ya sheria, na ikakikataza Chuo Kikuu cha Oklahoma kumtenga George McLaurin, aliyekuwa amepangiwa kiti cha peke yake darasani, meza ya peke yake maktabani na meza nyingine ya peke yake mahali pa kulia. Kila uamuzi ulikuwa tofali juu ya tofali, na tarehe 17 Mei 1954, katika shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ambalo Marshall aliwaongoza mawakili wa NAACP, majaji wote tisa walitamka kwamba utengano katika shule za umma unavunja Katiba.

Wapo wanaosema kwamba mabadiliko hayo yangekuja tu, kwa sababu ya vita, kuhamia kwa weusi katika miji ya kaskazini na mashindano na Urusi. Ni kweli kwamba serikali ya Marekani iliiandikia mahakama mwaka 1952 ikieleza kuwa ubaguzi unaliharibia taifa sifa ughaibuni. Mimi naona hoja hiyo inasahau jambo moja: majaji hawaamui shauri ambalo halijafikishwa mbele yao. Ilihitajika mtu wa kuliandaa, na ilihitajika pia mtu wa kuweka jina lake kwenye karatasi. Huko Clarendon, South Carolina, Harry Briggs aliyefanya kazi katika kituo cha mafuta na mkewe Eliza aliyesafisha vyumba vya wageni walitia saini ombi la kudai shule bora kwa watoto wao, na wote wawili wakafukuzwa kazi. Huko Farmville, Virginia, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake kugoma mwezi Aprili 1951 dhidi ya shule iliyofurika, ambamo baadhi ya madarasa yalikuwa vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mawakili walioitikia wito wa wanafunzi hao, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walikuwa wahitimu wa Howard. Mashauri yote mawili yaliunganishwa na la Brown.

Mkono wa mwalimu huyo ulifika hadi kwetu, ingawa ni wachache wanaolikumbuka jambo hilo. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika Marshall awe mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, naye akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya nchi itakayokuwa huru. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea wachache dhidi ya wengi nchini kwake alisisitiza kwamba Kenya iwalinde pia walowezi weupe na Waasia, watakapokuwa wachache chini ya serikali ya Waafrika. Nauona msimamo huo kuwa mmoja wa mikubwa kabisa ya maisha yake.

Hukumu ya Brown haikumaliza kazi. Walimu wengi weusi walipoteza ajira shule zilipounganishwa, na kaunti ya Prince Edward, nyumbani kwa Barbara Johns, iliona heri kuzifunga shule zake zote za umma kuanzia mwaka 1959 kuliko kuwaweka watoto pamoja. Watoto weusi wengi walikaa bila masomo rasmi kwa miaka kadhaa. Mawakili wakarudi mahakamani, na mwezi Mei 1964 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watoto hao wamenyimwa haki yao na kwamba shule zifunguliwe. Aliyewatetea mbele ya majaji katika shauri hilo alikuwa Robert Carter, naye pia mhitimu wa shule ya sheria ya Howard.